Baiskeli Ilirudi Peke Yake

Buiko, kando ya mto
12 Juni 1982

Mke wangu Domitila,

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gogo, miguu iko ndani ya maji, na Marseli ananikemea kwamba mamba hawachagui miguu ya watu wa Endabash. Mimi ni mzima. Matako ndiyo yanauma, mengine yote salama.

Lori la vitunguu lilitushusha Moshi pamoja na baiskeli zetu, na tangu hapo hatuijui haraka. Tuko kama tulivyoondoka: mimi, fundi Marseli na pampu yake, wale vijana wawili wa kwaya, na Saning'o wa Endulen aliyegoma kuvua shuka hata linaponaswa kwenye mnyororo. Tunaondoka asubuhi jua likiwa bado la upole, tunafuata kijia cha wavuvi, na kila penye kivuli tunashuka. Jana tulikwenda kidogo mno hata Saning'o akauliza kama tunasafiri au tunachunga.

Domi, mto huu wa Pangani unakwenda. Mito ya kwetu tunaijua yote: huo wa Endabash unateremka mpaka Manyara unafia kwenye magadi, na ya upande wa Mang'ola inafia Eyasi. Tangu nitoke Singida sijaona maji yanayojua yanakokwenda. Marseli anasema ukitupa jani hapa litaonana na bahari kabla yetu. Nimetupa moja, nikalipa jina lako.

Najua ulikasirika. Maharage yameiva na mimi nimekuaga nikiwa nimeshika usukani. Lakini tangu nianze kufanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya watu sijawahi kwenda mahali ambako sikutumwa. Nilitaka nione tu. Nitarudi kabla hujamaliza kuyapiga maharage. Nitakuletea chumvi ya baharini, na kanga kama Pangani zipo, maana huko kwetu madukani hata sabuni imekuwa hadithi.

Mwambie baba yako ng'ombe wake wa magurudumu hajambo. Tairi la nyuma lilichanika, Marseli akalishona kwa uzi wa katani, tunakwenda nalo hivyo hivyo.

Niandikie kwa binamu yangu Inosenti, kambi ya mkonge, Hale. Tutapumzika kwake wakati wa kwenda na wakati wa kurudi.

Mumeo,
Josephati


Endabash
20 Juni 1982

Mume wangu msafiri,

Barua yako nimeletewa na kondakta wa basi, nimeisoma nimesimama. Mgongo ukishanyooka siukunji tena bure, maana kuna maharage ya kuukunjia. Wewe matako yanauma kwa starehe, mimi mgongo unauma kwa kazi. Tumegawana vizuri.

Jani lako sijui kama litafika. Ungelituma lije huku lishike fimbo ya kupigia maharage.

Baba anauliza habari za ng'ombe wake kila jioni. Juzi Mzee Moloimet alikuja kutoka upande wa Endulen amebeba ngozi ya yule mwekundu, ng'ombe ambaye baba alimpa akamue. Ndigana ya kupe imemuua. Unaijua sheria yao, ulikuwepo mwaka juzi alipokufa yule wa mabaka: aliyepewa ng'ombe wa kukamua hauzi wala hachinji, na akimfia analeta ngozi. Mwenye mali anaweka mkono juu ya ngozi, anasema nimeiona, wanakunywa pombe, na ng'ombe huyo hatajwi tena. Baba aliweka mkono, akasema. Moloimet alipoondoka akanigeukia mbele ya wazee wenzake.

"Mwandikie mumeo," akaniambia. "Baiskeli ile mmeipata kwa mtamba wangu niliyewapa mkamue, nikakubali abadilishwe. Kwa hiyo nayo iko kwenye sheria ya ng'ombe. Ikimfia huko, alete ngozi."

Halafu, unaujua mdomo wake, akaendelea: "Nilimpa mtamba, akamgeuza magurudumu. Nilimpa binti, mwaka wa nne huu ndama sijamwona. Sasa amekwenda kutazama bahari."

Wazee wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na pombe. Hata mimi nilicheka, utashangaa.

Nina neno lako. Haliandikwi, maana barua zinapita mikono mingi, na kwetu jambo kama hilo halitangazwi mapema. Njoo ulisikie kwa sikio lako mwenyewe. Mto ukienda polepole uuache uende, wewe kanyaga.

Mkeo,
Domitila


Karatu
21 Julai 1982

Rafiki yangu Josephati,

Tumefika, wote wazima, na mpaka leo sijakuelewa.

Safari ilikuwa nzuri, wewe mwenyewe unajua. Mpaka Hale ulikuwa unaimba kuliko vijana wa kwaya. Pale Hale Inosenti akakupa barua ya mkeo, ukaisoma nyuma ya nyumba, na kuanzia hapo ukawa mtu wa nyuma ya msafara. Tulipofika Pangani kila mtu alicheka. Saning'o aliichota bahari kwa kiganja, akaonja, akatema, akasema kumbe na mto huu nao unaishia kwenye chumvi kama ya kwetu. Wewe ulikuwa umesimama pembeni na baiskeli, hata viatu hukuvua. Tukarudi Hale, ukanikabidhi baiskeli na kusema: "Mpe mzee ng'ombe wake. Sina neno lingine." Nikadhani ni hasira ya siku moja, utatufuata kwa basi.

Nimeipeleka Endabash Jumapili. Mzee Tluway alikuwa uani na wenzake. Aliizunguka baiskeli, akagonga kengele, akauliza mwenyewe yuko wapi. Nikasema yuko Hale kwa binamu yake, amepata kazi ya kukata mkonge. Ameleta barua? Hakuleta. Ametuma neno? Nikasema, amesema mzee apewe ng'ombe wake.

Mzee akamwita Domitila. "Mwanangu," akasema, "ngozi imeletwa."

Nikamwambia, mzee, Josephati ni mzima, nimemwacha anakula samaki. Akanijibu, "Sijauliza kama anakula." Wenzake nao waliguna, maana sheria ya ngozi ni ya mnyama, hawajawahi kuisikia ikitumika kwa mkwe. Lakini nani atambishia Tluway uani kwake? Amesema mtamba alitolewa kwa ajili ya binti yake, basi mwenye kuweka mkono ni binti yake. Akiweka mkono kwenye kiti cha baiskeli na kusema nimeiona, wewe hutajwi tena katika boma lile.

Hakuweka. Alisimama mbali kidogo, mikono ameificha kwenye kanga, akaniomba mimi nifungue kile kimfuko cha chini ya kiti. Nikafungua. "Tazama tena," akasema. Nikatazama tena. Akaniambia ning'oe na kiti chenyewe nichungulie ndani ya bomba. Niling'oa, Josephati, mbele ya wazee wote. Nilijua anatafuta barua yako na nilijua haipo.

Baiskeli imeegemezwa ukutani, amenikataza kuirudishia kiti. Mzee anasema atasubiri mpaka binti yake awe tayari. Andika leo, hata mstari mmoja. Kuna na jambo jingine ambalo si langu kulisema, ni la mkeo. Wewe andika tu.

Rafiki yako,
Marseli


Hale
9 Agosti 1982

Ndugu Marseli,

Umeniandikia kama wakili wa mzee.

Unajua nilichoandikiwa? Mke wangu amenisimulia jinsi wazee walivyonicheka kwamba sijazaa, halafu akaongeza kwamba naye alicheka. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe, amekunja, amebandika stempu. Kusema kweli nilipofika hapo sikusoma zaidi, niliikunja nikaitia mfukoni.

Miaka minne nimekuwa kule kama ng'ombe wa kukopeshwa. Nalima shamba la mkwe, nalala nyumba ya mkwe, napanda baiskeli ya mkwe, na watu wakinipita njiani nawasikia: yule ndiye mtu wa kuja wa Tluway. Sasa nimemrudishia chake. Hapa mkonge unanichoma mpaka damu, lakini jioni hakuna anayeniuliza ndama.

Sijamwacha Domitila. Nimemwacha baba yake. Domitila akitaka kunifuata njia anaijua, ni mto tu unafuatwa. Kuhusu barua, acha aumie kidogo na yeye ajue. Akishaumia nitaandika.

Na hiyo ngozi ni maigizo ya mzee. Mtu haondoki duniani kwa sababu mwingine kagusa kiti cha baiskeli.

Msalimie Saning'o.

Josephati


Karatu
14 Septemba 1982

Josephati,

Ameigusa.

Alikuja hapa kwenye banda langu siku ya gulio, ametembea kutoka Endabash. Akaniuliza kama umeniandikia. Nikawa natafuta spana ambayo haikupotea. Akasema, "Shemeji, hiyo barua nipe, sitoki mlangoni." Nilikataa, akakaa chini palepale kwenye vumbi, wateja wanamruka. Nikampa. Alisoma kimya mpaka pale uliposema acha aumie kidogo, pale akasoma kwa sauti, polepole, kama mtoto wa darasa la pili. Akaikunja vizuri, akanirudishia, akanishukuru. Nilimtafutia lori akakataa, akarudi kwa miguu.

Jumapili baada ya misa alirudisha kiti kwenye baiskeli kwa mkono wake, akakikaza, akaweka kiganja juu, akasema nimeiona. Hakulia. Mzee Tluway ndiye aliyegeukia ukuta, na pombe iliyoandaliwa haikunyweka. Padri alipopata habari alikuja kumfokea, akamwambia ndoa haifi kwa baiskeli. Mzee akamjibu kwamba ni kweli Padri, ilikuwa imeshakufa, baiskeli imeleta habari tu.

Sasa lile jambo ambalo halikuwa langu linaonekana na kila mpita njia, kwa hiyo nitalisema. Domitila ni mjamzito. Mimba ni ya kabla hatujaondoka. Ndilo neno alilokuambia haliandikwi. Umetembea nalo mfukoni kutoka Hale mpaka Pangani na kurudi.

Sikutumii salamu za mtu yeyote, maana hakuna aliyenituma.

Marseli


Hale
3 Oktoba 1982

Mke wangu Domitila,

Marseli ameniandikia. Nimeitoa barua yako ya Juni, nimeisoma yote kwa mara ya kwanza. Neno lako lipo palepale chini, baada ya kicheko. Sikufika pale. Nilipofika kwenye kicheko niliikunja, nikawa natembea nacho kicheko tu siku zote hizi.

Nisamehe. Sijui kuomba msamaha kwa barua, sijawahi. Nilikuwa na hasira na mzee, nikatafuta mahali pa kuitupa, ikakuangukia wewe. Nilipompa Marseli baiskeli sikuwa na ngozi kichwani, nakuapia. Nilifikiri narudisha mali ya mtu ili nisisimamishwe na yeyote nikidaiwa shukrani. Nilifikiri nitapata chumba hapa kambini, nitakuita, utakuja, tutakuwa watu wa kwetu wenyewe. Nilikuwa nakuona kabisa umekaa mlangoni.

Nimeshamwambia mnyapara kwamba naondoka. Nguo nimefunga. Kanga nilikununulia Pangani. Hata na hasira ile nilinunua, ina rangi ya kahawa iliyoiva.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Niandikie neno moja tu, Njoo. Nikilipata napanda basi siku hiyohiyo. Siogopi safari, naogopa kufika nikafukuzwa mbele ya wazee walewale waliocheka, na wewe umesimama unatazama. Ukiandika neno hilo nitapita katikati yao wote. Mtoto asizaliwe baba yake hayupo.

Nasubiri. Kila basi linaloleta barua namtuma mtu posta.

Mumeo,
Josephati


Endabash
30 Mei 1983

Josephati,

Barua yako ya Oktoba ilifika mwezi huohuo. Haikupotea. Sikuijibu, na leo nina nafasi ya kukuambia kwa nini, mtoto amelala.

Uliomba neno moja. Ungepanda basi bila neno ungefika. Baba angefoka, wazee wangeguna, na mimi ningesimama niwaambie kwamba nilichokigusa ni kiti cha baiskeli, mume wangu ni huyu hapa. Maneno hayo niliyaandaa. Nilikuwa nayasema peke yangu nikichota maji, mpaka nikajua niyaanzie wapi. Oktoba yote nilikuwa nikisikia gari najifuta mikono. Novemba nikawa nasikiliza nikiendelea na kazi. Desemba tumbo likawa zito nikaacha kutoka uani. Wewe ulikuwa umefunga nguo zako, umekaa, unatuma mtu posta. Mtu anayerudi kwake haombi ruhusa kwa stempu.

Unasema uliwaogopa wale wazee. Mimi nilikuwa nao kila siku, Josephati, nawapikia.

Maneno ya baba nilikuandikia nikicheka kwa sababu jibu lake nilikuwa nalo tumboni. Yeye alikuwa hajui, wazee hawajui, dunia nzima haijui ila mimi. Nilikuwa nafikiria uso wako siku utakayojua, nikafikiri utacheka kuliko mimi. Nilidhani namwandikia mtu anayenijua. Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo nalikubali ni langu. Lakini ulikuwepo siku ya ngozi ya yule wa mabaka. Wewe ndiye uliyeishika upande wa pili mkaitandaza. Usiniambie ngozi haikuwa kichwani.

Siku Marseli alipong'oa kiti, ningepokea hata kipande cha gazeti chenye jina lako. Kwenye kimfuko kulikuwa na solusheni ya kubandikia, kiraka na spana. Nilizitazama mpaka nikazikariri.

Mtoto ni wa kike. Alizaliwa tarehe kumi na mbili Januari, mkubwa, mwenye sauti, na vidole vya miguu ni vyako, sina la kufanya. Amebatizwa Petronila. Baba alipompakata mara ya kwanza alisema, "Ndama huyu," akashindwa kuendelea, akatoka nje. Hajasema mzaha tena tangu siku hiyo. Anakaa kimya uani, na wenzake wamepunguza kuja. Usidhani amefurahi.

Padri anasema bado mimi ni mke wako mbele ya Mungu. Sijambishia. Sitaolewa na mwingine, kwa hiyo ukae kwa amani, kama ndicho ulichotaka kujua. Ile kanga mpe mke wa Inosenti.

Baiskeli naipanda mimi. Baba alisema ngozi ikishaonwa ni ya mwenye mali afanye apendavyo, nikamwambia basi naomba pampu. Nilianguka sana. Wanawake walinicheka kisimani na wanaume wakasema haifai, na sasa wote wananituma Karatu. Marseli amelishona tena lile tairi lako. Juzi nilimfunga Petronila mgongoni nikafuata mto wetu, mwendo wa kuchunga kama mliokwenda nyinyi, nashuka penye kivuli, nanyonyesha, napanda tena. Nilifika mpaka ukingoni, pale nchi inapoanguka. Ziwa liko chini, jeupe, limekaa na magadi yake. Nikakumbuka Marseli alivyonisimulia alichosema Saning'o baada ya kuonja bahari. Mlikwenda mbali bure, nilikuwa naweza kukuonyesha hapa nyumbani.

Kama unataka kuja, njoo. Sikukatazi, barabara si yangu. Utapewa kigoda, utapewa maji, utaulizwa habari za safari. Mtoto atakapoanza kusema nitamfundisha kuwaamkia wageni wote kwa adabu, na wewe atakuamkia.

Domitila binti Tluway